Kituo cha Kiislamu karibu na palipoangukia minara ya New York: haki walikuwa nayo, lakini je, walipaswa kuhama?

Mwalimu wa Ipagala

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nafundisha Historia na Uraia, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa klabu ya mdahalo shuleni kwetu. Muhula huu wanafunzi wamechagua wenyewe mada inayotokana na jambo lililotokea Marekani mwaka 2010, nalo ni mpango wa kujenga kituo cha Kiislamu katika mtaa wa Park Place, New York, vitalu viwili tu kutoka mahali palipoangukia minara miwili ya World Trade Center tarehe 11 Septemba 2001. Mada wameiandika hivi: «Waislamu wa New York walipaswa kuuhamisha mradi wao kwa kuwaheshimu wafiwa.»

Kwa wasiolikumbuka jambo hili, jengo lenyewe lilikuwa la miaka ya 1850, na siku ya shambulio lilikuwa duka la nguo la Burlington Coat Factory. Kipande cha magurudumu ya ndege moja kilitoboa paa lake, duka likafungwa, na jengo likakaa bila mteja kwa miaka mingi. Julai 2009 mfanyabiashara wa majengo, Sharif El-Gamal, pamoja na wenzake, walilinunua kwa dola milioni 4.85. Baadaye Imamu Feisal Abdul Rauf, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiongoza msikiti mwingine huko huko Manhattan ya chini, pamoja na mkewe Daisy Khan, walitangaza mpango wa jengo la ghorofa 13 litakalogharimu takriban dola milioni 100, lenye ukumbi wa watu 500, bwawa la kuogelea, uwanja wa mpira wa kikapu, mahali pa kulelea watoto, kumbukumbu ya waliouawa siku ile, na sehemu ya kuswalia. Kwanza waliuita mradi huo Cordoba House, kisha wakaubadilisha jina na kuuita Park51. Magazeti yaliuita msikiti wa Ground Zero, yaani wa mahali penyewe palipoangukia minara, jina ambalo lilimaliza nusu ya mjadala kabla haujaanza, kwa sababu hapakuwa Ground Zero, na msikiti ulikuwa sehemu moja tu ya jengo.

Tarehe 25 Mei 2010 baraza la wakazi wa eneo hilo liliunga mkono mradi kwa kura 29 dhidi ya 1, wajumbe 10 wakijizuia. Hata hivyo, Agosti mwaka huo kura ya maoni ya CNN ilionyesha kwamba Wamarekani 68 kati ya kila 100 walioulizwa waliupinga.

Sasa tatizo langu. Wiki iliyopita tulifanya mazoezi, na mazoezi yakaharibika mbele ya macho yangu. Waliounga mkono mada waliacha kuizungumzia wakaanza kuuhukumu Uislamu, na waliopinga wakaanza kuihukumu Marekani na vita vyake. Darasa lina watoto wa dini zote mbili, na wengine wanakaa dawati moja. Kwa karibu nusu saa nzima sikusikia hata mara moja neno «wafiwa», ilhali ndilo neno zito kuliko yote katika mada yenyewe. Naomba msaada wenu: ninyi mngeiona vipi hoja hii, na nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba mahali fulani ni karibu mno na msiba?

Wakili Mlimwa

Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa kuwaachia vijana wachague mada ngumu.

Nianze na lililo rahisi, yaani sheria, kisha tuliache. Marekebisho ya kwanza ya katiba ya Marekani yanaizuia serikali kuingilia uhuru wa kuabudu, na tangu mwaka 2000 kuna sheria ya bunge lao inayozikataza mamlaka za miji kutumia kanuni za matumizi ya ardhi kuziwekea nyumba za ibada vikwazo visivyowekewa wengine. Zaidi ya hapo, eneo la Park Place kwa mujibu wa mipango ya jiji liliruhusu jengo la aina hiyo bila kibali maalumu. Kura ile ya 29 kwa 1 ilikuwa ya ushauri tu. Kizuizi pekee cha kweli kilikuwa hoja kwamba jengo la zamani litangazwe kuwa la kihistoria ili lisibomolewe, na tarehe 3 Agosti 2010 tume ya jiji inayohusika na majengo hayo iliikataa hoja hiyo kwa kura 9 kwa 0. Mzimamoto mmoja aliyenusurika siku ya shambulio alikwenda mahakamani kuupinga uamuzi huo, na Julai 2011 kesi yake ikatupwa.

Nayaeleza haya kwa sababu nashuku kwamba wanafunzi wako, bila kujijua, wanaitazama New York kwa macho ya Dodoma. Kwetu ardhi ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, nawe unapewa hati yenye muda na yenye matumizi yaliyotajwa. Ukitaka kuigeuza nyumba ya makazi iwe kanisa au msikiti, utaomba kubadili matumizi, litatolewa tangazo, na jirani atapata nafasi ya kuweka pingamizi. Mtoto aliyekulia Nkuhungu au Kizota anajua kwamba jirani huulizwa. Kule New York, katika kiwanja kile, hapakuwa na hatua hiyo. Jirani angeweza kulalamika, kuandamana na kuandika magazetini, na walifanya yote hayo, lakini sheria haikumpa kura. Kwa hiyo neno «walipaswa» katika mada yenu halina maana ya kisheria hata kidogo.

Hata viongozi wao walilitenganisha. Meya Michael Bloomberg, siku ile ile ya kura ya tume, alitoa hotuba katika kisiwa cha Governors Island akaitetea haki ya wajenzi bila kuuma maneno. Rais Obama, tarehe 13 Agosti, alipokuwa akifuturisha Waislamu Ikulu, alisema Waislamu wana haki ya kujenga mahali pa ibada katika kiwanja cha mtu binafsi huko Manhattan ya chini, na kesho yake akafafanua kwamba hakuwa anazungumzia kama ni busara kukijenga pale. Wengi walimcheka kwamba ameyumba. Mimi naona alisema jambo ambalo kila wakili analijua: mteja wangu anaweza kuwa na haki kamili na bado nikamshauri asiidai leo.

Lakini, Mwalimu, ushauri huo una sharti lake. Busara inapotoka kwa mwenye haki mwenyewe, ni busara. Inapotoka kwa umati unaopiga kelele nje ya mlango wake, haiitwi busara tena, na wanafunzi wanaounga mkono mada wawe na jibu la hilo.

Mwinjilisti wa Mvumi

Bwana asifiwe, na salamu kwa ndugu zangu wa pande zote.

Nitasimama upande wa mada, na nitajitahidi kufanya hivyo bila kuugusa Uislamu, kwa kuwa sidhani unahitaji kuguswa. Kwetu Ugogoni, na nadhani ndivyo ilivyo kokote Tanzania, jirani akiwa na msiba hutafunga turubai la harusi ukutani kwake wiki hiyo hiyo, hata kama kadi zimeshagawiwa na kiwanja ni chako. Hakuna anayedai kwamba harusi ni dhambi. Unasogeza siku, au unasogeza mahali, kwa sababu mwenye msiba hasikii ngoma kama unavyoisikia wewe.

Tena nina mfano unaotuhusu sisi Wakristo, nao ndio nataka vijana waupime. Mwaka 1984 watawa Wakatoliki wa shirika la Wakarmeli waliingia katika jengo lililo ukutani mwa kambi ya Auschwitz huko Poland, mahali ambapo Wanazi waliua watu zaidi ya milioni moja, wengi sana wao wakiwa Wayahudi. Jengo hilo lilikuwa limetumika kuhifadhia gesi ya kuulia. Watawa walikuja kusali tu, kuwaombea waliokufa, na hakuna aliyewashuku kwa ubaya wowote. Wayahudi wengi waliumia, wakaona kwamba msalaba unafunika msiba wao. Mwaka 1987 yalifikiwa makubaliano kwamba watahama, utekelezaji ukacheleweshwa, kukatokea maandamano na maneno makali, na hatimaye mwaka 1993 Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye naye alikuwa Mpolandi, aliwaandikia akiwataka wahamie mahali pengine. Wakahama. Hakusema kwamba sala zao zilikuwa mbaya.

Shirika kubwa la Kiyahudi la Marekani linalopinga chuki, ADL, lilipotangaza Julai 2010 kwamba linaona ni afadhali kituo kile kijengwe mahali pengine, wengi walilishangaa. Mimi nilielewa. Sisi Wakristo tuliombwa tuondoke mahali pa huzuni ya wengine, na aliyetuondoa ni Papa wetu. Kwa nini tusimwombe jirani Mwislamu jambo lile lile?

Bint wa Irangi

Assalaam alaykum, na kwa wengine wote habari za jioni. Mwinjilisti, shikamoo. Nimeusoma mchango wako mara mbili kwa sababu umeandikwa kwa adabu, na adabu hiyo imenifanya niogope kidogo, maana hoja ya adabu ndiyo ngumu kuijibu.

Mfano wako wa turubai ni mzuri, lakini una kasoro moja, nayo ndiyo kasoro ya mjadala mzima wa New York. Unamweka Mwislamu upande wa harusi. Umeshaamua, kabla ya kuanza, kwamba msiba ni wa jirani na kwamba yeye ni mtu wa nje anayepita na ngoma yake. Je, kama naye amefiwa?

Naye alifiwa. Kati ya watu 2,753 waliouawa New York siku ile, Waislamu walikuwamo makumi kadhaa: wahudumu wa hoteli, watu wa kompyuta, wafanyakazi wa benki. Katika mnara wa kusini, ghorofa ya 17, kulikuwa na chumba ambamo Waislamu waliofanya kazi humo waliswalia. Vitalu vinne kutoka hapo palikuwa na msikiti, Masjid Manhattan, ulioanza mwaka 1970, wakati minara yenyewe ilikuwa bado inajengwa. Kwa hiyo Mwislamu hakuja kuhamia jirani na msiba. Msiba ndio uliomkuta nyumbani.

Wako wafiwa ambao habari zao zinajulikana. Mohammad Salman Hamdani alikuwa kijana wa miaka 23, aliyezaliwa Pakistan, mwenye mafunzo ya kuhudumia majeruhi na aliyekuwa pia kadeti wa polisi wa New York. Siku ile alikimbilia kwenye minara kusaidia. Kwa kuwa hakuonekana, na kwa kuwa jina lake lilikuwa Mohammad, alishukiwa kuwa mmoja wa wahalifu, hadi mabaki yake yalipopatikana kwenye kifusi. Mama yake, Talat Hamdani, aliunga mkono hadharani mradi wa Park51. Naomba upande unaounga mkono mada uniambie: mama huyu tumhesabu wapi? Yeye ni mwenye msiba au ni mwenye ngoma?

Kuhusu watawa wa Auschwitz, mfano wako una nguvu pale tu ambapo watawa hawakuwa sehemu ya jamii iliyolengwa. Ungekuwa unalingana na habari ya New York kama Wayahudi wenyewe wangeombwa wasijenge sinagogi karibu na kambi.

Halafu turudi nyumbani. Tarehe 7 Agosti 1998, miaka mitatu kabla ya minara kuanguka, al-Qaeda, kundi lile lile lililoishambulia New York, ililipua ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na ule wa Nairobi. Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Waliokufa kwetu walikuwa na majina ya dini zote. Mimi nilikuwa shule ya msingi Kondoa, na nakumbuka tulivyoomba darasani, kila mmoja kwa namna yake, mwalimu akiwa amesimama kimya. Sikumbuki hata mtu mmoja baada ya hapo akipima mita kutoka ubalozini kuona msikiti uliopo karibu una haki ya kubaki. Na jambo ambalo wengi hawaliunganishi ni kwamba katika vuli ile ile ya 2010, mjadala wa Park51 ukiwa umepamba moto, Mtanzania mwenzetu Ahmed Khalfan Ghailani alikuwa akihukumiwa kwa milipuko hiyo katika mahakama iliyo Manhattan ya chini, mwendo wa miguu kutoka Park Place. Alitiwa hatiani kwa shtaka moja kati ya zaidi ya 280, na Januari 2011 akafungwa maisha. Mahakama ilijua kumhukumu mtu mmoja kwa alichofanya. Nje ya mahakama, mtaa wa pili, watu walikuwa wanaijadili dini nzima.

Mzee wa Reli

Wanangu, nimesoma yote. Mimi si mtu wa kuandika sana, ila hili la kuuliza nani anaupima ukaribu wa msiba nimelibeba kwa miaka zaidi ya 20, na sikuwahi kudhani litanifuata kwenye simu.

Nilifanya kazi kwenye reli ya kati hadi nilipostaafu. Tarehe 24 Juni 2002, kule Igandu, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi hadi ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa inakuja. Walikufa watu 281. Sitaeleza niliyoyaona. Miili ililetwa hapa Dodoma ili ndugu waje kutambua, na walikuja kutoka Mwanza, Tabora, Kigoma, Morogoro, wakipita baina ya safu kwa safu. Waliokosa mtu wa kuwatambua tuliwazika kwa pamoja. Hatukujua yupi Mwislamu na yupi Mkristo. Mashekhe walifanya yao, wachungaji na mapadri wakafanya yao, na sisi tulioshika majembe tuliitikia amina kila ilipokuja, bila kuuliza inatoka upande gani.

Nasoma kwamba New York mpaka leo watu wapatao 1,100 hawajapata kutambuliwa katika mabaki yaliyokusanywa. Basi ni lazima vijana waelewe kwa nini ardhi ile inaumiza. Kwa mama ambaye hakukabidhiwa hata mfupa, kaburi la mwanawe ni mtaa mzima, na vumbi lililotua juu ya mapaa lilikuwa na watu ndani yake. Aprili 2013, nyuma ya jengo hilo hilo la Park Place, kwenye uchochoro mwembamba baina yake na jengo la pili, kilikutwa kipande kikubwa cha ubawa wa ndege kimebanwa, miaka zaidi ya 11 baada ya shambulio, na wataalamu wakaja kuchekecha udongo wakitafuta mabaki ya binadamu. Kwa hiyo waliosema «vitalu viwili si hapo» hawakuwa sahihi kabisa. Palikuwa hapo. Lakini ona pia jambo jingine: jengo lile lenyewe lilipigwa siku ile. Kama mahali pameumia, aliyekuja kupainua ameingia kwenye jeraha, sawa, lakini huwezi kusema ameliongeza mpaka ujue anataka kufanya nini humo.

Sasa nimjibu Mwalimu. Aliuliza nani mwenye mamlaka ya kupima. Mimi baada ya Igandu nilidhani kwamba mfiwa ndiye apime. Kisha nikagundua kwamba wafiwa si mtu mmoja. Baba mmoja aliyekuja kila mwaka alitaka pale Igandu pasiguswe kabisa, hata mti usipandwe. Mama mwingine, aliyepoteza mtoto siku ile ile, aliniambia anatamani pangejengwa zahanati ili watu wazaliwe pale. Wote wawili walikuwa wafiwa halali. Ningemsikiliza yupi?

Marekani ilikuwa vivyo hivyo. Kulikuwa na chama cha familia za waliouawa kilichoupinga mradi kwa nguvu zote, kikiongozwa na Debra Burlingame, ambaye kaka yake alikuwa rubani wa ndege iliyoangushwa kwenye makao makuu ya jeshi. Kulikuwa na chama kingine cha familia, kinachoitwa Peaceful Tomorrows, kilichouunga mkono. Ted Olson, aliyekuwa wakili mkuu wa serikali ya Bush, mke wake alikufa katika ndege hiyo hiyo ya kaka wa Burlingame, na yeye alisema hadharani kwamba watu wana haki ya kujenga mahali pa ibada pale. Ndege moja, siku moja, misiba miwili, majibu mawili.

Wajukuu zangu siku hizi wanakwenda Dar kwa treni ya umeme, wanafika kabla hata sijamaliza kuwaombea safari. Nimewasimulia habari za Igandu. Wanasikiliza, kisha wanaangalia simu.

Mwinjilisti wa Mvumi

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa uliyoyabeba. Dada yangu wa Kondoa, umenishika mahali pagumu, nami nakubali kwamba turubai langu lilikuwa na ukuta ambao sikuuona. Sitarudi kwenye mfano huo.

Lakini sijaacha upande wangu. Nina mambo mawili yanayonibakia. Jina la Cordoba, mji wa Hispania uliotawaliwa na Waislamu kwa karne nyingi, wajenzi walilichagua wakimaanisha zama ambazo Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliishi pamoja. Waliofiwa walisikia ushindi. Mtu anayeongea na aliyefiwa huchagua neno kwa sikio la mfiwa. Kulibadilisha baadaye kuwa namba ya mtaa kulikuwa kukiri kwamba la kwanza halikufaa. Pili, hizo dola milioni 100 zingetoka wapi? Kwa mradi wenye ukubwa ule, mahali pale, swali hilo halikuwa chuki.

Bint wa Irangi

La jina nakuachia, Mwinjilisti. Hata mimi ningelipinga kwenye kikao.

La fedha ni halali kuulizwa, mradi liulizwe kila nyumba ya ibada. Hapa hapa Dodoma msikiti wetu mkubwa unajulikana kwa jina la Gaddafi kwa kuwa ulijengwa kwa msaada wa Libya, na makanisa mangapi katika mkoa huu yameinuliwa kwa michango ya Ujerumani, Italia au Australia? Tuliuliza, tukajibiwa, tukaingia kuswali. Kule New York kuna wanasiasa waliokwenda mbali zaidi: Newt Gingrich alisema pasiwe na msikiti karibu na Ground Zero madhali Saudi Arabia hairuhusu makanisa. Mwislamu wa Manhattan anaingiaje katika deni la mfalme wa Riyadh? Na huko Florida mchungaji Terry Jones alitangaza kwamba ataichoma Qurani tarehe 11 Septemba 2010. Aliahirisha, akaja kuichoma Machi 2011, na siku chache baadaye ghasia zilizozuka Afghanistan, mjini Mazar-i-Sharif, ziliwaua wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa ambao hawakuwa na uhusiano wowote na Florida wala na Park Place. Swali la fedha lilipita mikononi mwa watu wa namna hiyo, ndiyo maana halikusikika kama swali.

Wakili Mlimwa

Kwa kuwa hakuna aliyelitaja, niwaeleze mwisho wake, maana wanafunzi watauliza. Jengo la ghorofa 13 halikujengwa kamwe. Imamu Rauf na wamiliki walitofautiana mwanzoni mwa 2011 na akaondolewa katika nafasi ya kuusemea mradi. Septemba mwaka huo kituo kilifunguliwa ndani ya jengo la zamani, kwa kiwango kidogo, kikianza na maonyesho ya picha za watoto wa New York waliotoka mataifa mengi ya dunia. Baadaye mmiliki alibadili mpango, jengo la zamani likabomolewa, na mahali pake pakainuka mnara mwembamba wa nyumba za kifahari. Sijasikia kwamba aliyenunua nyumba humo aliulizwa kuhusu wafiwa.

Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki la Mtakatifu Nikola, ambalo lilipondwa na mnara wa kusini ulipoanguka, nalo lilichukua zaidi ya miaka 20 kujengwa upya ndani ya eneo lenyewe, likafunguliwa Desemba 2022.

Mwalimu wa Ipagala

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake, na Mzee wa Reli shikamoo kwa namna ya pekee. Leo niliwasomea wanafunzi mchango wa Bint wa Irangi kuhusu turubai na ule wa Mzee kuhusu wafiwa wawili, bila kutaja ni nani aliyeandika wala dini yake. Palikuwa kimya kwa muda, kisha msichana mmoja wa upande wa kuunga mkono aliuliza kama anaweza kubadili upande, na mvulana wa upande wa kupinga akauliza hilo hilo. Nimewakatalia wote wawili. Nimewaambia watetee upande waliopewa, ila waanze na mfiwa mmoja anayepingana nao na wamjibu yeye.

Mada tumeiandika upya pamoja: «Wafiwa wanapotofautiana, anayejenga karibu na mahali pa msiba anapaswa kuwasubiri wakubaliane.» Mwinjilisti, ukipata nafasi ya kufika mjini, tungependa uwe mmoja wa waamuzi, na dada wa Kondoa awe wa pili. Tumepanga uwe Ijumaa, saa saba mchana, katika bwalo la shule.

Bint wa Irangi

Nitakuja, Inshallah. Lakini Mwalimu, Ijumaa saa saba?

Mwalimu wa Ipagala

Nimekuelewa, na naomba radhi. Saa tisa.